Kutoka Jalalani hadi Mnadani

Mwezi Septemba 1983 malori yalikuwa yakitoka El Paso, Texas, yakivuka mpaka wa jimbo na kuelekea dampo la Alamogordo, mji mdogo wa jangwani huko New Mexico. Mzigo ulikuwa mali ya Atari, kampuni iliyokuwa imetawala gemu za nyumbani nchini Marekani: kaseti, vifaa na mashine, nyingine zimerudishwa na wateja, nyingine hazijatoka hata kwenye boksi. Vyote vilimwagwa shimoni, tingatinga likapita juu yake. Watoto wa mji walipopata habari walianza kuvamia dampo kuokota walichoweza, ndipo shimo likafunikwa kwa zege. Atari ikaona imemalizana na takataka zake.

Miaka 31 baadaye shimo hilohilo lilifukuliwa mbele ya kamera. Kaseti zilizotoka humo, zimebonyea na kunuka jalala, ziligombewa kwenye mnada wa mtandaoni, nyingine kwa mamia ya dola. Katikati ya kufukiwa na kufukuliwa huko, gemu za zamani zilikuwa zimegeuka kutoka uchafu wa stoo hadi kuwa mali. Waliozigeuza si mafundi waliozibuni. Kwanza ni waliozitupa, kisha waliozisahau, na mwisho ni madalali.

Kabla ya kaseti, hapakuwa na cha kukusanya. Mashine za mwanzo za kuunganisha na televisheni zilikuja na michezo yake ndani, na ukiichoka umechoka na mashine yenyewe. Mabadiliko yaliletwa na Channel F ya kampuni ya Fairchild, iliyotoka mwaka 1976. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa Jerry Lawson, mhandisi mweusi aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1940, mmoja wa watu weusi wachache mno waliokuwa kwenye viwanda vya chipu vya California wakati ule. Wazo la awali la kutenganisha gemu na mashine lilitoka kwa kampuni ndogo iliyoitwa Alpex. Lawson na wenzake ndio walioligeuza kuwa kitu ambacho mtoto anaweza kukichomeka na kukichomoa mara elfu bila kuunguza mashine. Chipu iliwekwa ndani ya kibweta cha plastiki, meno ya shaba yakachungulia upande mmoja. Tangu hapo gemu ikawa kitu cha kushika mkononi: cha kununua, kuazima, kuiba, kuuza, kupanga kabatini. Lawson alienziwa na chama cha watengenezaji gemu Machi 2011, na mwezi uliofuata akafariki.

Channel F haikuvuma. Aliyevuna ni Atari, iliyotoa mashine yake ya kaseti mwaka 1977, ile iliyokuja kujulikana kama 2600. Space Invaders ilipoingia kwenye 2600 mwaka 1980, watu walinunua mashine kwa ajili ya gemu moja tu. Kila aliyekuwa na mtaji akataka kutengeneza kaseti, wakiwemo wauza vyakula na wauza dawa za meno. Mwaka 1982 Atari ililipa mamilioni ya dola kupata haki ya kutengeneza gemu ya filamu ya E.T. ya Steven Spielberg, kisha ikamkabidhi kazi Howard Scott Warshaw, kijana hodari aliyekuwa amekwisha kutunga Yars' Revenge. Alipewa wiki tano tu, kwa sababu kaseti zilitakiwa zifike madukani kabla ya Krismasi. Aliimaliza. Mchezaji humwongoza kiumbe anayetumbukia mashimoni kila mara, na kumtoa ni kazi inayochosha. Zilitengenezwa takriban nakala milioni 4, zikauzwa kama milioni moja na nusu. Kwamba gemu ya mashimo iliishia shimoni ni kejeli ambayo hakuna mtunzi angethubutu kuibuni.

E.T. haikuiua biashara peke yake, ingawa ndivyo inavyosimuliwa. Madukani kulijaa kaseti mbovu za kampuni zisizojulikana, na zilipokataa kutoka, wenye maduka wakazitupia kwenye makapu ya dola 5 zikiwa zimeingia kwa bei ya dola 30 na zaidi. Nani atanunua nzuri ya bei kamili wakati kapu limejaa hivyo? Mapato ya sekta nzima Marekani yaliporomoka kutoka takriban dola bilioni 3 hadi kama dola milioni 100 mwaka 1985. Wafanyabiashara walisema gemu za televisheni zilikuwa upepo tu, umekwisha pita. Familia zikasukuma mashine chini ya vitanda, zikauza kaseti uani, au zikazitupa.

Huko Japani, Julai 15, 1983, kampuni ya Nintendo ilikuwa imetoa mashine ya Famicom. Ilipoileta Marekani kwa jina la NES, ikianzia New York Oktoba 1985, iliificha sura: mashine ya kijivu inayomeza kaseti kwa mbele kama deki ya video, ikiambatana na roboti ya plastiki ili wenye maduka waione kama toi tu. Ndani ya mashine mlikuwa na chipu ya kufuli iliyokataa kaseti yoyote ambayo Nintendo haikuibariki, na kampuni za nje ziliwekewa kikomo cha gemu tano kwa mwaka. Somo la Alamogordo lilikuwa limeeleweka: usiache soko lijae takataka.

Maboksi ya mwanzo kabisa ya gemu za NES yalifungwa kwa kistika kidogo cha duara, bila nailoni. Baadaye ndipo ikaja nailoni ya kubana. Pia maboksi ya mwanzo yalikuwa na kipande cha kadibodi kwa nyuma cha kutundikia kwenye ndoano ya dukani. Wakati ule hakuna aliyejali. Mtoto alichana boksi, akachomeka kaseti, na boksi likaenda na taka za jikoni. Leo kistika hicho na kile kipande cha kutundikia ndivyo vinavyotenganisha bei ya chakula cha mchana na bei ya nyumba.

Kwetu Afrika Mashariki habari ilifika kwa mlango wa nyuma. Miaka ya tisini wengi walimjua Mario bila kuijua Nintendo. Mashine zilizoingia zilikuwa za kuiga, zilizotengenezwa Asia ya Mashariki kwa kunakili Famicom, zikija na padi mbili, bunduki ya plastiki na kaseti ya njano iliyojigamba kuwa na gemu 9,999,999 ndani yake. Ukihesabu kwa uaminifu ulikuta kumi na kitu, zikirudiwarudiwa kwa majina mengine na Mario akianzia hatua tofauti. Ikigoma, unachomoa, unapuliza meno, unachomeka tena. Watoto wa Chicago walifanya hivyohivyo na wao hawakufundishwa na mtu. Kupuliza kwenyewe hakukusaidia lolote: kilichosaidia ni kuchomoa na kuchomeka, ilhali unyevu wa pumzi uliachia shaba kutu. Urusi walikuwa na toleo lao, Dendy, lililoingia sokoni Desemba 1992 na kupendwa mpaka leo. Mashine hizi za kuiga ndizo zilizochezwa na sehemu kubwa ya dunia, lakini kwenye orodha za bei za wakusanyaji zimewekwa pembeni kabisa.

Tuje kwenye uadimu wa kweli, ambao mara nyingi ni ajali. Mwaka 1987 Bandai ilitoa gemu ya NES iitwayo Stadium Events, ya kukimbia na kuruka juu ya mkeka wenye vitufe. Nintendo iliupenda mkeka ule, ikanunua haki zake, ikaupa jina la Power Pad, na mwaka 1988 gemu hiyohiyo ikarudi ikiitwa World Class Track Meet. Nakala za Marekani zenye jina la kwanza ziliondolewa madukani zikiwa hazijakaa. Zilizopona ni zile chache zilizokwisha nunuliwa. Kama mchezo, World Class Track Meet ni uleule, na unapatikana kwa bei ya kikombe cha kahawa. Kinachouzwa kwa maelfu ni jina lililobandikwa juu.

Aina nyingine ya uadimu ilipangwa. Mwaka 1990 Nintendo ilizunguka miji ya Marekani na mashindano yake, na kaseti maalumu ikatengenezwa kwa ajili hiyo. Inampa mchezaji dakika 6 na sekunde 21 kupitia vipande vya Super Mario Bros., Rad Racer na Tetris, kisha inajumlisha pointi. Waliofika fainali walipewa za kijivu, 90 kwa jumla. Nyingine 26, zenye ganda la dhahabu, zilitolewa kwa washindi wa shindano la gazeti la Nintendo Power. Miaka mingi watu walizitaja hizo 26 kwa sauti ileile ambayo wakusanya stempu huitumia kwa stempu zao za Mauritius.

Wakusanyaji wenyewe walitoka wapi? Ni watoto wa Atari, waliokuwa sasa na mishahara. Mwanzoni mwa miaka ya tisini walizunguka kwenye mauzo ya uani na maduka ya mitumba, wakinunua katoni nzima ya kaseti kwa dola chache, wakibadilishana kwa barua. Kikundi kilichojiita Digital Press kilichapisha mwongozo ulioipa kila kaseti namba ya uadimu, 1 kwa ile inayopatikana kila kona, 10 kwa ile ambayo huenda hutaiona maishani. Tazama walichopima: ni vigumu kiasi gani kuipata. Bei ilikuja baadaye, na hali ya boksi haikuwa na uzito mkubwa. Wengi wao walitaka kaseti ili waicheze.

Mnada wa mtandaoni wa eBay, ulioanza 1995, ulivunja utaratibu huo. Kaseti iliyolala Ohio bila mnunuzi ilikutana na mtu wa Osaka aliyeitafuta tangu utoto. Faida yake ilikuwa kwamba ghafla pakawa na bei zinazoonekana. Hasara, kwa wazee wa mauzo ya uani, ni kwamba kila mwenye uani naye alianza kuziona. Mwaka 2007 ukaja mfumo wa PriceCharting, unaokusanya bei za mauzo halisi na kuzipanga katika madaraja matatu ambayo wakusanyaji wote huyazungumzia: kaseti tupu, kaseti na boksi lake na kijitabu chake, na ambayo haijafunguliwa. Kati ya daraja la kwanza na la tatu bei inaweza kuzidishwa mara mia, na gemu ni ileile.

Mwaka 2010 ndio uliowatangazia watu wa kawaida kwamba stoo zao zina pesa. Kwanza mama mmoja wa North Carolina aliweka mnadani mashine ya zamani ya NES na gemu zake, miongoni mwake Stadium Events ikiwa na boksi lake. Alitarajia senti za kawaida. Bei ilifika dola 13,105. Habari ilizagaa, watu wakapanda darini na tochi, na muda si mrefu ikatokea nakala nyingine ambayo haijapata kufunguliwa. Hiyo ilikwenda kwa dola 41,300. Mwaka huohuo boksi kamili la Air Raid, kaseti ya Atari yenye ganda la bluu lililoumbwa kama herufi T, iliyotolewa na kampuni isiyo na habari nyingi iitwayo Men-A-Vision, lilinunuliwa kwa dola 31,600. Kaseti za Air Raid zilikuwa zikijulikana, lakini boksi lake lilikuwa halijaonekana na wakusanyaji. Wengine walidhani halikuwahi kuwepo.

Kisha Aprili 26, 2014, Alamogordo. Kwa miaka mingi kisa cha kaseti zilizozikwa kilikuwa kinabishaniwa, ingawa magazeti ya 1983 yaliandika waziwazi. Mkandarasi wa taka wa mji huo, Joe Lewandowski, alikuwa ametumia picha za zamani za dampo kukisia shimo lilipo. Siku ya kufukua palikuwa na dhoruba ya vumbi, na mamia ya watu walisimama kwenye upepo ule wakisubiri ndoo ya mashine. Warshaw mwenyewe alikuwepo. Kaseti ya kwanza ya E.T. ilipoinuliwa, mtu aliyedhihakiwa miaka 30 kwa kazi ya wiki tano alishindwa kuzuia machozi.

Zilitolewa kama 1,300, kati ya kadirio la 728,000 lililotolewa na meneja wa zamani wa Atari aliyesimamia mazishi hayo. E.T. ilikuwa sehemu ndogo tu. Nyingi zilikuwa gemu nzuri zilizokuwa zikiuzwa vizuri, jambo linaloonyesha kwamba Atari haikuzika aibu moja bali ilisafisha ghala. Manispaa iliziuza kwa mnada, kila moja na cheti chake, ikapata zaidi ya dola 100,000. Nakala moja ya E.T. ilifika dola 1,535. Nyingine ilichukuliwa na makumbusho ya Smithsonian. Kumbuka kwamba nakala safi ya gemu hiyo, inayocheza, wakati huohuo ilipatikana kwa dola chache. Iliyoharibika ilikuwa ghali kuliko nzima, kwa sababu ilikuja na kisa chake na karatasi yenye muhuri.

Karatasi yenye muhuri ndiyo iliyofuata kutawala. Lakini kwanza tufungue kaseti moja tuone ndani, maana huko ndiko mkusanyaji wa zamani alikotafuta ukweli. Chukua The Legend of Zelda ya Marekani ya mwaka 1987, ile ya ganda la dhahabu. Skrubu zake si za kawaida. Zinahitaji bisibisi ya tundu yenye kipenyo cha milimita 3.8. Ukilifungua ganda unakuta kibao kidogo cha kijani chenye jina la Nintendo, chipu nyeusi zenye maandishi na namba, na betri ya CR2032, mviringo kama sarafu, iliyotiwa risasi moja kwa moja kwenye kibao. Betri hiyo ndiyo inayokumbuka ulipofikia ukizima mashine. Ilikuwa ya kudumu miaka kadhaa, nyingi zimeishi zaidi ya ilivyotarajiwa, na siku ikifa kumbukumbu yote inakwenda nayo. Mwenye kaseti ana uamuzi: aibadilishe, kaseti icheze lakini isiwe tena kama ilivyotoka kiwandani; au aiache, ibaki halisi na bubu. Kaseti za bandia nazo hujitaja zenyewe zikifunguliwa: badala ya chipu zenye namba utakuta tone jeusi la gundi ngumu, kama yale ya kaseti zetu za njano. Gemu za Pokémon za Game Boy zimeigwa kiasi kwamba mnunuzi makini hazipokei bila kuzifungua.

Sasa, utafunguaje kitu ambacho thamani yake yote ni kutofunguliwa? Hapo ndipo wanapoingia wapima daraja. Biashara hii ilikomaa kwanza kwenye sarafu: kampuni ya PCGS, iliyoanzishwa 1986, inapokea sarafu yako, inaipa namba, inaifungia kwenye kasha gumu la plastiki. Vitabu vya katuni vikafuata. Gemu zilikuwa na wapimaji wao wa mwanzo, lakini aliyebadilisha mambo ni Wata Games, iliyofungua milango 2018. Boksi linapewa namba hadi 10, na nailoni yake inapewa herufi, A++ ikiwa ya juu kabisa. Nyumba ya mnada ya Heritage ya Dallas, iliyozoea sarafu na katuni, ikaanza kuziuza.

Februari 2019 ilitangazwa kwamba Super Mario Bros. iliyofungwa kwa kile kistika cha mwanzo imeuzwa kwa dola 100,150. Ilikuwa mara ya kwanza gemu moja kufika huko. Wanunuzi walikuwa watatu kwa pamoja, na mmoja wao alikuwa Jim Halperin, mwanzilishi mwenza wa Heritage. Hilo halikufichwa, lilikuwa kwenye tangazo lenyewe. Msomaji anaweza kujiuliza mwenye nyumba ya mnada ananunua nini kwa bei ya rekodi katika bidhaa anayotaka kuiuza kesho.

Machi 2020 kilifika mnadani kitu ambacho uadimu wake haukuhitaji namba ya mtu yeyote. Sony na Nintendo walikuwa wamekubaliana kutengeneza mashine moja ya kaseti na CD. Mwaka 1991 Nintendo iliivunja ndoa hiyo hadharani na kwenda kwa Philips, Sony ikaenda kujenga PlayStation yake. Mashine za majaribio za ushirika huo zilipotea. Moja iliibuka ndani ya vifurushi vya vitu vya ofisi vya kampuni ya fedha iliyofilisika, ambako aliyekuwa kiongozi wa Sony alikuwa amefanya kazi. Mnunuzi wa kifurushi alilipa dola 75 kwa vitu vyote, mashine ikakaa darini hadi 2015. Ilinunuliwa kwa dola 360,000. Ni fedha nyingi, lakini ukiniuliza mimi, kati ya bei zote za miaka ile hii ndiyo ninayoweza kuitetea: ni kitu kimoja, kina historia, na ushahidi wake uko ndani ya chuma chake.

Zilizofuata ni habari nyingine. Janga la korona liliwafungia watu ndani, fedha za bei rahisi zikatafuta pa kukaa, na kila kilichonukia utoto kikapanda. Novemba 2020 Super Mario Bros. 3 ilifika dola 156,000, kwa sababu neno “Bros.” limechapwa upande wa kushoto wa boksi na kufunika glavu ya Mario. Aprili 2021 ikaja Super Mario Bros. iliyonunuliwa mwaka 1986 iwe zawadi ya Krismasi, ikasahauliwa kwenye droo ya meza kwa miaka 35: dola 660,000. Julai 9, The Legend of Zelda ya chapa za mwanzo, dola 870,000. Siku mbili baadaye, Julai 11, Super Mario 64 yenye daraja la 9.8 A++ ilipita dola milioni 1.5. Hapo hata wakusanyaji wa zamani walishika vichwa. Super Mario 64 iliuzwa karibu nakala milioni 12 duniani. Si Air Raid hiyo. Kilichonunuliwa hapo ni nailoni iliyokaza na kona za kadibodi zisizopondeka.

Agosti ikaja dola milioni 2 kwa Super Mario Bros. nyingine, na namna ilivyouzwa inafundisha kuliko bei yake. Mwenye nayo alikuwa Rally, kampuni inayonunua vitu vya thamani na kuuza hisa zake kwa umma. Iliinunua gemu ile kwa dola 140,000 mwaka 2020. Wenye hisa walipoletewa ofa ya dola 300,000 walipiga kura kuikataa. Wengi wao hawakuwahi kuishika kaseti hiyo, wala hawakuwa na sababu. Ilikuwa imeacha kuwa gemu, ikawa kama kiwanja kwenye ramani.

Mwezi huohuo Karl Jobst, mtengeneza video wa Australia, alitoa uchunguzi mrefu akidai kwamba uhusiano wa karibu kati ya wapimaji, wauzaji na wanunuzi ulikuwa umepandisha bei kwa makusudi. Wata na Heritage zilikana, zikasema madai hayo hayana msingi. Wata yenyewe ilikuwa imenunuliwa na Collectors Universe, kampuni mama ya PCGS ya sarafu. Mei 2022 baadhi ya wateja walifungua kesi dhidi ya Wata huko California, wakilalamikia upandishaji wa bei na ucheleweshaji wa kazi. Sokoni, hukumu haikusubiri mahakama: gemu zilizofungwa zilizokuwa zikipanda kila wiki zilianza kuuzwa kwa sehemu ya bei za mwanzo, na walionunua Julai 2021 wakabaki na makasha ya plastiki na hesabu zisizofunga. Kaseti tupu, zile zinazonunuliwa na watu wa kucheza, nazo zilishuka kidogo kisha zikatulia.

Wakati wa kelele hizo kazi nyingine ilikuwa ikiendelea kimya zaidi. Video Game History Foundation, taasisi iliyoasisiwa na Frank Cifaldi, ilitoa mwaka 2023 utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena kwa njia ya kawaida ya biashara. Hazipo madukani wala mtandaoni kwa halali. Zimebaki kwenye kaseti na diski zilezile za kwanza, ambazo betri zake zinakufa na safu zake za aluminiamu zinaoza. Kwa mtazamo huo hatari kubwa si kwamba bei zimepanda au zimeshuka. Gemu ya Mario iliyouzwa nakala milioni 12 haitapotea. Zitakazopotea ni zile ambazo hakuna dalali aliyewahi kuziona zina faida: za kampuni zilizofilisika, za kuiga, za lugha zisizo na soko.

Humo zimo mashine zilizofika kwetu. Kama kuna iliyobaki kwenu, darini au chini ya kitanda, pamoja na kaseti yake ya njano, usiitupe wala usikimbilie kuuliza bei, maana kwa sasa hutapata bei. Ihifadhi pakavu, piga picha ganda, boksi kama lipo, na orodha ya gemu inavyoonekana kwenye televisheni, halafu uandike ilinunuliwa duka gani, mji gani, mwaka gani, na nani waliokuja kuicheza.